Uji wa Mkebe na Uzi wa Pamba

Kiring! Kiring! Kiring! Kengele ndiyo iliyotangulia kufika Mwabulemi. Mwenye kengele alikuwa bado nyuma ya kichuguu, hata kofia yake haijaonekana, na tayari kuku walikuwa wametawanyika na wanawake wamesimamisha michi hewani wakisikiliza.

Uji ukisifiwa, uulize uzi. Mmeisikia methali hiyo leo asubuhi kwa shangazi yenu, alipomjibu yule kijana anayepitisha vidonge vya majani vya kutibu maradhi arobaini. Mkacheka, kisha mkaja kwangu mnauliza: uji na uzi wapi na wapi? Uji hunywewa, uzi hushonewa. Basi endeleeni kumenya hizo karanga, mikono iwe huko na masikio yawe huku. Chanzo chake ni hiyo kengele niliyowapigia, na mwanamke mmoja aliyeitwa Nyanjige.

Nyanjige alizaliwa mwaka wa nzige, na watu walisema ulimi wake aliupata kwa nzige hao: ukitua mahali hauachi jani. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kinuni. Hakufundishwa na mtu. Michi ikipiga tu, maneno yalimjia yamekwisha kupangika, vina kwa vina, na wimbo alioutoa asubuhi ulikuwa ukiimbwa kisimani kabla ya adhuhuri. Alijua kwamba anajua, na hakuna aliyethubutu kumwambia vinginevyo.

Lakini mwenye ulimi huo alikuwa na kidonda. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amezikwa kabla hajaota jino la pili. Wa pili alikuwa Maduhu, mwenye umri wa mwaka na miezi mitatu, na Nyanjige alikuwa akimtazama kama mtu anayevuka mto na kaa la moto mkononi.

Sasa niwaeleze habari ya uzi, maana ninyi mmezaliwa umekwisha kupotea. Mwabulemi ni nchi ya pamba. Mtoto akitimiza siku saba, bibi yake alichukua pamba, akaisokota pajani, akaupaka uzi samli, akaufunga kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, kati ya bega na kiwiko. Ulifungwa kwa kipimo: ujiti wa ufagio upite chini yake, usibane wala usicheze. Kisha ncha zake zilichomwa kwa kijinga cha moto hadi kwenye fundo, usibaki mkia. Mtoto akinenepa, ujiti hukataa kupita. Hapo mama hupiga vigelegele, uzi hukatwa, mpya hufungwa. Na uzi ukilegea ukashukia kiwikoni? Hiyo ilikuwa aibu, wajukuu zangu. Mama huyo aliitwa Mama Uzi Mrefu, maana yake mwanamke anayekula yeye akamsahau mtoto. Jina hilo likikukaa, hata mbuzi wako walikuwa nalo.

Basi mwenye kengele akatokea. Alikuwa mtu mnene, mwenye uso wa kupendeza, amevaa koti jeupe, na nyuma ya baiskeli yake mikebe imefungwa ikimeta juani. Jina lake lilikuwa Hamduni, lakini siku hiyo hiyo alibatizwa Bwana Mkebe.

"Hodi wenye mji! Hodi mama wa mashujaa!"

"Karibu, mwenye kengele," alijibu Nyanjige. "Umetuletea kanga au umetuletea maneno?"

"Nimeleta damu, mama. Damu, mifupa na akili, vyote ndani ya mkebe mmoja."

"Huo ni mkebe au ni kaburi?"

Wanawake waliangua kicheko mpaka michi ikawaponyoka. Bwana Mkebe naye akacheka, tena zaidi yao. Alikuwa mzoefu wa vicheko.

"Una vitamini zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho," alisema akifungua kifuniko. Ndani kulikuwa na unga mweupe kama jino, wenye harufu ya vanila. "Kijiko kimoja asubuhi, homa inahama kijiji. Viwili, mtoto anatembea kabla hajatambaa. Vitatu..."

"Anaoa," alimalizia Nyanjige.

Wakacheka tena. Ila mtu yule alikuwa amekwisha kumwona Maduhu mgongoni, na alikuwa ameona jinsi mkono wa mama ulivyokuwa ukirudi nyuma kila mara kumgusa. Akashusha sauti.

"Cheka, mama, kucheka ni afya. Lakini nikuulize. Ulezi ni chakula cha ndege. Karanga huziba kifua. Dagaa hutia minyoo. Ni wangapi hapa wamelisha hivyo na wakazika? Katika vijiji vyote nilivyopita, mtoto wa mkebe hajazikwa hata mmoja."

Kicheko cha Nyanjige kikakauka. Bwana Mkebe akakoroga kijiko kimoja katika maji ya moto, uji ukawa mzito, laini, mtamu kwa sukari. Maduhu, ambaye uji wa ulezi alikuwa akinywa huku anapigana, aliulamba, akakodoa macho, akalilia kijiko. Hapo mambo yakaisha. Mtoto mwenyewe ameamua; mama ni nani abishe?

Mkebe haukuuzwa kwa shilingi. Mkebe mmoja kwa debe la ulezi, au kwa kikapu cha karanga. Tena mtu akitaka, kwa mfuko wa dagaa. Wanawake wa Mwabulemi waliona ni bahati: kutoa chakula cha ndege na kupewa damu na akili. Ghala la Mwanangwa Shigela, mkuu wa kijiji, likajaa magunia yaliyongoja lori la Bwana Mkebe, na nyumba zikajaa mikebe. Vinu vikanyamaza. Nani atwange, na uji wa mkebe unakorogwa kwa kijiko?

Asiyebadilisha alikuwa mmoja tu, mjane aitwaye Kwangu. Si kwamba alikuwa na busara kupita wenzake. Hakuwa na debe la kutoa. Alikuwa akiokota masalia ya ulezi katika mashamba ya watu baada ya mavuno, akatwanga pamoja na karanga kiasi alichojaliwa na vichwa vya dagaa, akamlisha mwanawe uji huo wa kijivu, na mchana majani ya kunde yaliyokaushwa. Mtoto wake alikuwa mkavu wa uso. Wenzake walimwita Kidagaa.

Siku moja Bwana Mkebe alimsikia Nyanjige akiimba kisimani. Akashuka kwenye baiskeli, akatoa kilemba chekundu cha hariri.

"Mama, mimi nina kengele, lakini wewe una sauti. Niimbie mkebe wangu, na hiki ni chako."

Nyanjige hakuhitaji kilemba ili kuimba, lakini nani huchukia kusifiwa? Papo hapo alitunga:

*Chota unga wa mkebe, mtoto apate nguvu,*
*Mgongoni umbebe, aote nyama mashavu.*

Wimbo huo ulikimbia kuliko baiskeli. Vijiji vya jirani viliuimba kabla ya kuuona mkebe, na mkebe ulipofika ulipokelewa kama mgeni aliyetangulizwa na barua. Na ni kweli, mashavu yalikuja. Katika miezi miwili Maduhu alikuwa na uso wa mviringo kama chungu kipya. Watu walimfinya mashavu wakisema, "Huyu si mtoto, huyu ni mwanangwa!" Nyanjige akatembea kichwa juu, kilemba kikiwaka.

Kisha, mchana mmoja, alipokuwa akimwogesha, aliona uzi uko kiwikoni.

Aliutazama. Akaupandisha. Ukashuka tena. Ujiti wa ufagio haukupita peke yake chini yake; vingepita vijiti vitatu pamoja. Alipomuuliza Bwana Mkebe, yule aligeuza uso wa mtoto huku na huku kwa mikono miwili.

"Pamba hulegea ikilowa, mama. Mtu mwenye mashavu haya anaulizwa habari za uzi? Mwongezee kijiko."

Nyanjige akaongeza kijiko. Na kwa kuwa jina la Mama Uzi Mrefu lilimtisha kuliko simba, akafungua fundo, akakaza uzi, akafunga upya. Mkia ukabaki. Akauficha chini ya uzi. Baada ya siku kumi na mbili alikaza tena. Kisha tena. Maduhu alikuwa haombi tena kushuka mgongoni. Alikuwa hachezi. Nywele zake zilianza kuwa nyekundu kama majani ya mtama uliokosa mvua, na alipolia, alilia kwa sauti ya mtu aliyechoka kulia. Lakini mashavu yalikuwepo, na watu waliendelea kuyafinya.

Aliyefichua ni mama mkwe wake, Mayu Nkwimba. Mayu maana yake ni mama, na ndivyo kijiji kizima kilivyomwita. Ndiye aliyekuwa ameusokota uzi ule kwa paja lake mwenyewe. Alimpakata mjukuu, kidole chake kikagusa mkia.

"Mkia huu ni wa nini?"

"Pamba ya mwaka huu ni dhaifu, Mayu. Inalegea."

"Pamba niliyoisokota mimi?"

 Mayu Nkwimba hakugomba. Aliuchukua mguu wa Maduhu, akabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, akahesabu taratibu hadi tano, akaachia. Kidole kiliacha shimo, kama katika udongo wa mfinyanzi, na shimo halikujaa.

"Nimekwisha kuiona miguu ya namna hii," alisema. "Mwaka ule tulipokula mizizi, kabla mumeo hajazaliwa. Watoto walivimba, tukasema wananenepa. Hii si nyama, mwanangu. Ni maji. Shavu limejaa maji na mkono unabaki ujiti. Huo unga wake niliuonja jana. Ni muhogo mtupu na sukari."

Nyanjige aliketi chini. "Mayu, wiki ijayo kuna mkutano. Mimi ndiye nitakayeimba. Nitasemaje mbele za watu, na wimbo ni wangu?"

"Wimbo ni wako," alisema Mayu Nkwimba. "Na mtoto je, ni wa nani?"

Mchana ule ule Nyanjige alimpikia Maduhu uji wa ulezi aliouomba kwa Kwangu. Alikwenda kuuomba kwa miguu yake, yeye aliyekuwa wa kwanza kumwita yule mtoto Kidagaa. Kwangu alimpimia kibaba kimoja. Maduhu akautema. Nyanjige akarudia, kijiko kwa kijiko, machozi yakimtiririka, na kati ya vijiko kumi mtoto alimeza vitatu.

Mkutano wenyewe ulikuwa huu. Bwana Mkebe alikuwa anakuja na lori kuchukua magunia. Na mbele ya Mwanangwa Shigela wanawake wangekubali kwa kauli moja kwamba ulezi na karanga zote za mavuno yajayo zitakwenda kwake, naye atawalisha watoto kwa mikebe mwaka mzima. Ili kunogesha, palikuwa na shindano: mtoto mwenye mashavu bora atashinda mbuzi.

Ilikuwa Oktoba, siku ya jua la kupasua mawe. Nyanjige alifika na Maduhu mgongoni, amemvika sweta la sufu la mikono mirefu ili uzi usionekane, jasho likimtoka mtoto kama ametoka kisimani. Hata njiani alikuwa bado hajaamua. Alikuwa amejiambia ataimba kwa mara ya mwisho, kisha nyumbani atamlisha apendavyo. Kwani ni lazima mtu ajivue nguo sokoni?

Akaketi. Akainua macho awatazame wenzake. 

Watoto wote walikuwa wamevaa mikono mirefu.

Huyu sweta. Yule shati la baba yake, mikono imekunjwa mara nne. Mwingine amefungwa kipande cha kanga begani kama aliyevunjika. Katika jua lile, ambamo mbuzi wa zawadi mwenyewe alikuwa anahema! Na akina mama wote walikuwa wametazama mbele, kila mmoja amebana mkono wa kushoto wa mwanawe, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinakaza nyuzi milango ikiwa imefungwa, na kila mlango uliona aibu mbele ya mwenzake.

Kiti kimoja kilikuwa tofauti. Kwangu, pembeni kabisa, mwanawe kifua wazi, uzi wake mkononi umebana vizuri, hauna mkia.

"Sasa," alisema Bwana Mkebe akinyoosha mikono, "kabla ya mashavu, wimbo! Mama Maduhu, tufungulie!"

Nyanjige alisimama. Watu wakapiga makofi. Alimshusha Maduhu mgongoni, akamsimamisha mezani, mbele ya Mwanangwa. Kisha akalivua lile sweta.

Ule mkono!  Juu kulikuwa na uso wa mtoto tajiri, chini yake mkono wa mtoto wa njaa, na kwenye mkono ule uzi, na kwenye uzi mkia mrefu kama kidole cha mtu mzima.

Nyanjige akaushika ule mkia, akauinua wote wauone, akaimba. Hakuimba kwa sauti kubwa, lakini hakuna aliyekosa neno:

*Niliimba kwa kilemba, ukweli ukanitoka,*
*Uzi haukujipamba, nao uzi ukashuka.*

"Mama Maduhu amepatwa na jua," alisema Bwana Mkebe upesi. "Mpeni maji. Mwanangwa, mtoto huyu ni mgonjwa, pengine amerogwa. Tazama wengine walivyonawiri! Tazama mashavu!"

"Ndiyo, tuwatazame wengine," alisema Nyanjige. Akawageukia wanawake. "Mimi ndimi Mama Uzi Mrefu. Jina mmelipata, niiteni. Nimekaza uzi huu mara tatu kwa mkono wangu. Sasa mwenzangu wa pili ni nani? Au mnataka niamini kwamba mmewavika sweta kwa sababu ya baridi?"

Mtu mmoja akacheka, kile kicheko kinachotoka pamoja na kilio, na mwanamke mmoja nyuma akalifungua shati la mwanawe. Mkia. Wa pili akavua. Mkia. Kanga zikafunguka, masweta yakavuliwa, mmoja alimwambia mwenzake, "Na wewe?" na mwenzake akajibu, "Tangu mwezi uliopita, dada yangu, nilidhani nitakufa na siri hii." Nyuzi zikaning'inia pande zote za uwanja.

"Uzi ni ushirikina!" alipiga kelele Bwana Mkebe. "Sayansi iko ndani ya mkebe! Uzi unajua nini?"

"Haujui kitu," alijibu Nyanjige. "Haujui kusoma, haujui kuimba, wala hauvai koti jeupe. Ndiyo maana haukuweza kudanganywa. Wewe una kengele na mimi nina mdomo, na vyote viwili vimesifu. Jamani, msituulize sisi! Uji ukisifiwa, uulize uzi!"

Hayo ndiyo maneno, wajukuu zangu. Yalisemwa hapo kwa mara ya kwanza, katika jua lile, na mwanamke aliyekuwa anajitukana mwenyewe.

Mwanangwa Shigela alikuwa mtu mzito wa kuamua, lakini macho alikuwa nayo. "Yuko ambaye uzi wake hauna mkia?" aliuliza.

Kwangu alisukumwa mbele. Bwana Mkebe alimtazama yule mtoto, akacheka kwa dharau. "Huyu? Kidagaa hiki?" Akanyoosha kidole kumfinya shavu awaonyeshe watu lilivyo kavu. Mtoto wa Kwangu akakidaka kidole. Bwana Mkebe akavuta. Mtoto hakuachia. Akavuta tena, mtoto akainuka naye kutoka mapajani mwa mama yake, ananing'inia, anacheka, ametoa meno yote sita. Uwanja mzima ukalipuka.

"Mwachie mzee wa watu, baba, ana safari!" alipaza sauti Mayu Nkwimba, na vigelegele vikafuata.

"Anakula nini huyu?" aliuliza Mwanangwa.

"Mliyoyaacha shambani," alijibu Kwangu.

Mwanangwa akageuka kwa Bwana Mkebe. "Magunia yako ndani ya ghala langu, na ghala ni la kijiji. Kila mama atarudisha mkebe wake, mtupu au mzima, na atachukua ulezi wake. Wewe uliwaambia ni chakula cha ndege. Basi waachie ndege wetu."

Bwana Mkebe alisema mengi, lakini hakukuwa na mtu wa kumsikiliza. Wanawake walikuwa wamekwisha kufika ghalani. Lori lililokuja kubeba ulezi liliondoka limebeba mikebe iliyogongana njia nzima. Na michi ikaamka. Walitwanga siku ile mpaka mikono ikachubuka, ulezi, karanga, dagaa, na harufu ya karanga mbichi zinazochemka katika uji ikafunika kijiji.

Msidhani ushindi ulikuja siku hiyo. Watoto wawili waliozidiwa walibebwa hadi zahanati, safari ya siku nzima, na wote wawili walirudi. Lakini waliobaki, siku za kwanza walitisha. Mashavu yalibomoka. Maji yalipotoka, ikabaki mifupa, na wanawake wakaja kwa Nyanjige na hasira.

"Mwanangu alikuwa na uso, sasa ana fuvu! Umetudanganya mara ya pili!"

Hapo ulimi wa nzige ulikosa jani. Yeye mwenyewe alikuwa akimtazama Maduhu kwa hofu. Mayu Nkwimba ndiye aliyewajibu.

"Kwanza maji yatoke. Nani hujenga ukuta juu ya dimbwi? Uacheni uso. Tazameni uzi. Unashuka?"

Wakatazama. Uzi ulikuwa haushuki. Ulikuwa umesimama pale pale ulipofungwa.

"Basi pikeni."

Wakapika. Asubuhi uji wa ulezi na karanga, mchana majani ya kunde na ugali wa mtama, jioni maziwa kwa aliyekuwa nayo, na aliyekuwa nayo alimgawia asiye nayo. Kwangu alipita nyumba kwa nyumba akionyesha kiasi cha dagaa, na waliomwita mwanawe Kidagaa sasa walimpa kiti. Wiki ya tatu Maduhu alilia njaa, kilio cha hasira, cha mwenye haki yake, na Nyanjige alikimbia nje akamwita Mayu aje asikie. Wiki ya tano alishuka mgongoni mwenyewe akamfukuza kuku. Kisha vigelegele vikaanza. Asubuhi moja nyumba ya kwa Mwanangwa. Kesho yake nyumba mbili. Halafu havikukoma: kila kulipokucha, kona moja ya kijiji ilipiga vigelegele na kona nyingine ikajibu, na kila mmoja alijua kwamba uzi umekatwa mahali.

Zamu ya Maduhu ilifika wakati wa kupanda. Nyanjige alichukua ujiti wa ufagio, akaupeleka chini ya uzi. Ujiti ulikataa. Akajaribu upande wa pili. Ulikataa. Nyama ya mkono, nyama halisi, ilikuwa imeusukuma uzi mpaka umezama.

Hakupiga vigelegele peke yake. Aliwaita wote. Kwangu ndiye aliyepewa wembe, akaukata uzi pamoja na mkia wake, na sauti iliyopanda siku ile, wazee walisema, ilisimamisha ng'ombe malishoni. Wanawake walimbeba Nyanjige juu juu wakamzungusha kinu mara mbili.

"Wimbo! Wimbo!" walipiga kelele. "Ulimsifia Bwana Mkebe bure, sasa utusifie ulezi wetu! Tutungie!"

Nyanjige alicheka, akatikisa kichwa. Akampakata Maduhu, akampokea Mayu Nkwimba uzi mpya uliopakwa samli, akaufunga, akauchoma ncha hadi kwenye fundo. Kisha akamgeuza mtoto watazamane ana kwa ana, na akasema kwa sauti, kijiji kizima kikisikia:

"Maduhu, mwanangu, nakuahidi mbele ya hawa wote. Nitaimba mpaka nizeeke, lakini mdomo huu hautakutangulia tena. Awe ni mgeni mwenye koti, awe ni jirani, niwe ni mimi mwenyewe mama yako: uji ukisifiwa, nitauuliza uzi."